Kwa Nini Binti wa Magongo Huacha Kukimbia Akifika Miaka 12, na Venye Lisaa Limoja la Jioni Linaweza Badilisha Form

Wasee, leo tuweke kando beef za maseleb kidogo. Tuongelee sweta.

Ile sweta ya shule inayofungwa kiunoni. Uko Mombasa, jua linachoma, jasho linatiririka hata ukiwa umekaa kwa kivuli, na bado unaona binti wa gredi ya 7 anatoka shule na sweta imezunguka kiuno. Baridi hakuna. Kila dada aliyesoma mitaa hii anajua hiyo sweta inaficha nini. Mabro wengi pia wanajua, ni vile tu hujifanya.

Rudi nyuma miaka mitatu. Huyo huyo binti alikuwa anachomoka kwa geti mbio, begi linaruka mgongoni, anashindana na maboi hadi kwa mama wa viazi karai. Na alikuwa anawashinda. Saa hizi anatembea kando ya ukuta, mikono imekunjwa kifuani, macho chini. Miguu ni ile ile, tena imekuwa mirefu. Kwa hivyo shida haiko kwa miguu.

Usidhani ni wa Magongo peke yao. Shirika la Afya Duniani, WHO, husema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anafaa kusumbua mwili dakika 60 kila siku. Watafiti wake walichapisha hesabu ya dunia nzima mwaka 2019, ya vijana wa miaka 11 hadi 17 walioko shule. Wavulana wasiofikisha hiyo lisaa walikuwa asilimia 78. Wasichana 85. Kumaanisha karibu kila mtu amekaa, lakini binti amekaa zaidi. Na akiacha kukimbia, kuna kitu kingine anaacha nacho, na hicho ndicho kinanisumbua mimi: anaacha kuchukua nafasi. Anaanza kuomba msamaha akipita kwa njia yake mwenyewe.

Sasa kuna dawa moja ambayo haina maajabu. Klabu ya kukimbia ya wasichana, baada ya shule, siku mbili kwa wiki. Skiza kwanza venye inafanya kazi, ju watu wengi wakisikia "kukimbia" Kenya wanawaza medali.

Mwaka 1996, kule Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, mama mmoja anaitwa Molly Barker alikusanya wasichana 13 akaanza kukimbia nao. Alikiita Girls on the Run. Leo programu hiyo imepitiwa na wasichana zaidi ya milioni mbili. Mpangilio wake ni simple. Kikundi kidogo, watoto wa shule ya msingi hadi mwanzo wa utineja, kocha ambaye si lazima awe mwanariadha. Wanakutana, wanaongea mada moja ya siku, kama vile kukataa kusengenya, ama ufanye nini rafiki akikusukuma kwa jambo hulitaki. Halafu wanakimbia raundi. Anayetaka kutembea anatembea. Baada ya wiki kadhaa wote wanafanya kilomita 5 siku moja, na yule wa mwisho anashangiliwa kama wa kwanza.

Hapo mwisho ndipo watu wa Kenya tunakwama. Sisi tumezoea mashindano ya shule: watano wa kwanza wanaenda zoni, wengine warudi darasani. Watoto watano wanapata confidence, 40 wanajifunza kwamba mbio si zao. Ni system nzuri ya kutafuta bingwa. Ya kujenga mtoto wa kawaida, hapana.

Mimi kolej sikumaliza, lakini hii ya kisaikolojia unaielewa bila digrii. Kulikuwa na mzae anaitwa Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 aliandika kuhusu ile imani mtu huwa nayo kwamba "hii naiweza", na akasema inatoka pande nne. Yenye nguvu kuliko zote ni kufanya kitu kigumu na kukimaliza wewe mwenyewe. Ya pili ni kuona mtu kama wewe akikifanya. Ya tatu ni kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba utaweza. Ya nne ni venye unasoma mwili wako.

Angalia venye mbio inagonga zote nne kwa mpigo. Wiki ya kwanza unakimbia dakika moja unataka kufa. Wiki ya sita unakimbia kumi. Hakuna mwalimu aliyekuongezea maksi na hakuna mtu anaweza sema ulinakili. Ukiangalia kando unaona Mwanaisha wa darasa lenu, ambaye hata hayuko "sporty", anasonga. Kocha anakuita kwa jina.

Hiyo ya nne ndiyo imenishika sana. Binti akisimamishwa mbele ya darasa, moyo unadunda, mikono inatoa jasho, pumzi inakatika. Mwili unamwambia: ogopa. Lakini kwa mbio, dalili ni hizo hizo. Moyo unadunda, jasho, pumzi. Tofauti ni kwamba ameshazizoea, anajua zinapanda halafu zinashuka, na hazijawahi kumuua. Siku akisimama kujibu swali, ama kumwambia konda "nirudishie chenji yangu", moyo ukidunda anaujua.

Na nani anafaidika zaidi? Mtafiti Maureen Weiss wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwafuata wasichana wa Girls on the Run, na waliopanda sana ni wale walioanza wakiwa chini. Wale waoga, wale wasiosonga. Kwa hivyo ukianzisha klabu halafu uchague wenye spidi tu, umefukuza wenyewe ambao dawa ilikuwa yao.

Utasema hiyo ni Marekani, mbona usilete ya huku. Sawa. Panda matatu ya Malindi, shuka Kilifi. Huko kuna Moving the Goalposts, iliyoanza mwaka 2001 ikianzishwa na Sarah Forde. Wao mchezo wao ni mpira, si mbio, lakini ndio mfano wa karibu zaidi nyumbani. Wasichana wanacheza, sawa, lakini pia wanashika filimbi. Wao ndio marefa, makocha, wanakamati wa ligi, na wanafundishana mambo ya afya na haki zao. Fikiria binti wa Kilifi wa miaka 15 anapuliza filimbi, anasema ni kona, na watu wazima walioko kando ya uwanja wanakubali ni kona. Huwezi kununua hiyo feeling kwa semina ya hoteli. Mimi naona hapo Kilifi waliwapita hata Wamarekani: mtoto hapewi tu nafasi ya kucheza, anapewa mamlaka.

Upande wa mbio zenyewe kuna Lornah Kiplagat. Alifungua kambi yake Iten mwaka 2000, akiwa na wasichana akilini, wakati ambapo mwanamke akiingia kambi ya mazoezi anajipata anapikia wanaume na kuwafulia. Alitaka mahali ambapo binti akimaliza kukimbia anapumzika, full stop. Na kama unadhani hiyo ni stori ya Bonde la Ufa tu, kumbuka tarehe 24 Machi 2007. Mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa Mombasa, uwanja wa gofu, pale karibu na bahari. Joto la kaskazi, wanariadha wa kiume wakubwa walizidiwa wakaacha njiani. Aliyeshinda mbio za wanawake ni huyo Lornah, akivalia rangi za Uholanzi. Mbio za wasichana chipukizi zikaenda kwa Linet Masai wa Kenya. Kutoka Magongo ni kuvuka Makupa tu na kusonga mbele hadi ufuoni.

Haya, turudi mtaani kwetu. Kwa nini Magongo hatuna klabu kama hiyo kila shule?

Watu husema muda. Muda uko, tena uko kwa sheria. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaishe saa tisa na nusu, halafu kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli zingine. Lisaa limoja na robo, kila siku ya wiki. Sasa wewe mwenyewe jibu, hiyo lisaa shuleni kwenu inaliwa na nini? Tuition. Kufagia. Ama geti linafunguliwa tu, kila mtu aende zake. Na pale ambapo michezo iko, uwanja mzima ni wa maboi na mpira wao, wasichana wanakaa kwa ngazi kusukana.

Halafu kuna chuo. Nusu ya watoto wa mtaa huu wakitoka shule wanaenda madrasa, na huwezi kumwambia mzazi achague. Lakini si kila siku na si saa zote. Klabu ya siku mbili kwa wiki inapangwa na ustadhi, mnakaa chini, mnaona jioni gani ziko wazi. Nimeona watu wanaanzisha vitu Magongo bila kuuliza ratiba ya chuo, halafu wanashangaa watoto hawaji. Na Ramadhani mnapumzisha kukimbia, mnafanya mazungumzo tu.

Kwa nguo hapo ndipo nataka tukae kidogo, ju ndio kitu hakuna anayetaka kukisema. Binti akianza kuota matiti, kukimbia kunauma. Kunauma kabisa, na juu ya hiyo maumivu kuna macho. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliuliza wasichana zaidi ya 2,000 wa miaka 11 hadi 18, na karibu nusu wakasema matiti yao yanawafanya wapunguze ama wakwepe michezo. Na hao wako nchi ambayo sidiria ya michezo iko kila duka. Mtoto wa Magongo ambaye mamake bado hajamnunulia hata sidiria ya kawaida, utamlaumu akikunja mikono? Ukitaka kusaidia klabu na hujui uanzie wapi, acha kununua kombe. Nenda Kongowea, upande wa mitumba, tafuta sidiria za michezo za saizi ndogo. Ikikosekana, fulana mbili za kubana zinavaliwa pamoja, si perfect lakini inasaidia.

Hijabu, hiyo isikupe stress. Sarah Attar alikimbia mita 800 Olimpiki ya London 2012 akiwakilisha Saudi Arabia, kichwa kimefunikwa, mikono na miguu imefunikwa. Sifan Hassan alipokea dhahabu yake ya marathoni ya Paris 2024 akiwa amevaa hijabu. Suruali ndefu nyepesi, fulana ya mikono, mtandio wa kitambaa laini uliobanwa vizuri, kazi imeisha. Klabu ikikubali hivyo kutoka siku ya kwanza, bila binti kuomba ruhusa maalum, wazazi wengi wataregeza.

Na sodo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2017, serikali inafaa kumpa kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe sodo za bure, za kutosha. Kama shuleni kwenu haziji, hilo ni swali la kuuliza mkutano wa wazazi, kwa sauti. Klabu nayo iwe na pakiti kwa begi la kocha, na mahali pa kubadilisha penye mlango unaofungika. Mkiwa na hiyo, sweta inaweza kubaki kwa begi.

Viatu? Faith Kipyegon alishinda mbio za nyika za chipukizi za dunia mwaka 2011, kule Uhispania, akiwa pekupeku. Lakini usimwige kwa Magongo. Yeye alikuwa kwa nyasi, sisi tuko na vigae vya chupa na misumari. Raba yoyote inayoshika mguu inatosha.

Barabarani pia hapana. Kati ya malori ya kontena, tuktuk na nduthi zinazokuja upande usiofaa, watoto 20 wakikimbia ukingoni mwa lami ni kutafuta shida. Kimbieni ndani ya uwanja wa shule, hata kama ni mdogo. Uwanja wenye mzunguko wa mita 200 unahitaji raundi 25 kufikisha kilomita 5. Inachosha kichwa kuzunguka hivyo, najua, lakini ina faida: yule wa mwisho hapotei nyuma peke yake. Anapitwa na wenzake mara kwa mara, wanamgonga mkono, anaendelea.

Sasa kitu kizito. Confidence ya miguu peke yake haitoshi, na Kenya tumeona. Agnes Tirop, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, na Septemba hiyo hiyo akafariki baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa kwake Trans Nzoia. Hawa walikuwa na spidi ya dunia. Spidi haikuwakinga na mtu wa karibu. Wanariadha wenzake Tirop walianzisha Tirop's Angels baada ya hapo, kupigana na dhuluma dhidi ya wanawake, ju walijua kimya ndicho kinaua.

Ndio maana yale mazungumzo kabla ya kukimbia si ya kujaza wakati. Na ndio maana kabla ya kuangalia kama kocha anajua mbio, angalia kama anafuata hizi: watu wazima wawili kila siku ya mazoezi, na angalau mmoja awe mwanamke. Hakuna mtoto anayebaki nyuma na kocha peke yake. Hakuna meseji za usiku kwa simu ya mtoto, kila kitu kinapitia kwa mzazi. Hakuna "njoo kwangu nikupe viatu". Kocha akikasirishwa na hizo sheria, umepata jibu lako mapema. Na kila binti ajue namba 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia, zote ni bure kupiga.

Ukiwa umefika hapa na unaona unaweza kuanzisha hiki kitu, hata kama wewe ni dem wa miaka 22 uko tu kejani unasubiri job, skiza. Huhitaji kuwa mwanariadha. Enda kwa mwalimu mkuu na hiyo kanuni ya saa tisa na nusu mkononi. Chukua wasichana 15, si 60. Tafuta mathe mmoja wa mtaa anayeaminika awe mtu mzima wa pili. Wazazi wakiona uso wanaoujua, nusu ya maswali yameisha.

Anza Juni kama unaweza. Muhula wa kwanza kaskazi itawamaliza, na Mei masika inageuza uwanja bwawa. Juni kusi inavuma, jioni kunapoa kidogo. Maji yawepo kabla ya mtoto wa kwanza kufika.

Siku ya kwanza: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara sita. Basi. Mwendo uwe wa kupiga stori. Binti akishindwa kumaliza sentensi, anaenda kasi sana, apunguze. Kila wiki unaongeza kidogo kwa kukimbia na kupunguza kwa kutembea. Ikifika wiki ya nne, mpe mmoja wao saa ashike, mwingine aongoze kunyoosha viungo, mwingine apange mada ya mazungumzo. Wazungushe, hadi yule mnyonge kabisa naye awe ameshapiga filimbi.

Wiki ya kumi, kilomita 5. Itisha wazazi, itisha ustadhi na pasta, itisha hata wale maboi wa mpira wasimame kando ya uwanja wahesabu raundi. Wa kwanza atamaliza kwa nusu saa hivi. Wa mwisho labda dakika 55, anatembea zaidi ya kukimbia. Kwa hivyo anzeni saa tisa na nusu kamili, ili akimaliza jua bado liko juu na kila mtu bado yuko hapo.